Mtoto Bado Yuko Chumba cha Joto: Jinsi ya Kujiandaa Hadi Siku ya Ruhusa

"Sista, tunaruhusiwa lini?" Kwenye wodi ya watoto wachanga swali hili huulizwa kabla hata raundi haijaanza. Anauliza mama aliyejifungua jana, anauliza na yule aliyemaliza mwezi. Jibu huwa "tuone kesho", na kesho yake likarudi lile lile. Wauguzi hawafichi kitu. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyechelewa kulia akawekwa kwenye mashine, hapangiwi tarehe ya kutoka. Anatoka akishaweza mambo fulani, na wewe ukishaweza mambo fulani. Hayo ya kwako ndiyo watu husahau, na kuna watoto wanaobaki wodini siku za ziada kwa sababu hiyo tu.

Mwongozo huu ni wa mama, baba, na bibi au shangazi atakayesaidia nyumbani. Nimeuandika kwa mazingira ya hospitali zetu za mkoa na za rufaa Tanzania. Kenya na kwa majirani wengine mambo ni yale yale, majina ya wodi tu hubadilika. Pale daktari wako alipokuelekeza tofauti, fuata la daktari, maana yeye anamwona mtoto.

Kabla hujauliza tarehe, angalia haya

Mtoto huruhusiwa pale yote haya yanapokutana:

- Anapumua mwenyewe bila oksijeni, na zimepita siku kadhaa bila kusahau kupumua. Wodi nyingi husubiri siku 5 hadi 7, zikihesabiwa upya kila inapotokea.
- Anashika joto nje ya mashine: kipimajoto kwapani kinasoma 36.5 hadi 37.5.
- Anamaliza maziwa yake yote kwa titi au kikombe, mpira wa puani wa kumlishia umeshatolewa.
- Uzito unapanda siku tatu mfululizo au zaidi. Njiti anayekua vizuri huongeza takriban gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 1.6 aongeze kama gramu 24.
- Mama anaweza kumlisha, kumpasha joto na kutambua hatari bila kuitwa.

Kuhusu kilo: hospitali moja husubiri 1.8 au 2, nyingine humtoa mwenye 1.5 kama anakua vizuri kifuani kwa mama na kliniki iko karibu. Usilinganishe na mtoto wa kitanda cha pili. Aliyezaliwa wiki ya 28 na aliyezaliwa wiki ya 34 wanaweza kuwa na kilo sawa leo, lakini mapafu yao na akili ya kunyonya havilingani.

Vitu vya kuandaa

Orodha ni fupi, na usikubali duka likuuzie zaidi: vitenge viwili au kanga nzito za kumfungia kifuani, kofia tatu, soksi, nepi ndogo, vikombe viwili vidogo visivyo na mdomo mkali, sindano ya plastiki ya kupimia dawa, kipimajoto cha kidijitali, chandarua chenye dawa, sabuni, na daftari. Chuchu bandia na chupa acha dukani. Ni ngumu kusafisha, zinaleta kuhara, na njiti aliyezoea chupa huja kuligomea titi.

Hatua kwa hatua

1. Ingia kwenye ratiba ya wodi

Mgeni huja saa ya kutazama wagonjwa, wewe si mgeni. Uliza siku ya kwanza: raundi ni saa ngapi, watoto hupimwa uzito saa ngapi, wanalishwa kila baada ya muda gani (kwa kawaida saa mbili au tatu). Vua pete, saa na bangili, nawa hadi kwenye viwiko, kila unapoingia. Maambukizi huwaua njiti wengi, na yanasafiri kwa mikono, ya kwetu wauguzi ikiwemo. Ukimwona muuguzi au daktari anataka kumgusa mtoto wako kabla hajanawa, mkumbushe kwa upole. Una haki hiyo.

Kwenye daftari andika kila siku vitu vitano: uzito, maziwa aliyokunywa, kiwango cha oksijeni kama bado anatumia, joto, na dawa iliyoanzishwa au kuondolewa. Wakati wa raundi uliza swali moja tu: "Daktari, ili atoke, kimebaki nini?" Swali hilo lina jibu. Andika jibu.

Onyo: uzito utashuka siku za mwanzo. Njiti anaweza kupoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, hata zaidi kidogo, na akachukua wiki mbili au karibu tatu kurudi pale alipozaliwa. Mama wengi huanza kulia hapa na kuomba mtoto aanzishiwe maziwa ya kopo. Subiri mstari wa uzito ugeuke.

2. Kamua maziwa hata kama mtoto hajaanza kunywa

Hii ndiyo kazi ambayo hakuna daktari wala mashine inayoweza kuifanya badala yako. Anza ndani ya saa chache baada ya kujifungua, kamua angalau mara nane kwa siku, na moja kati ya hizo iwe usiku wa manane, kwa sababu usiku homoni ya maziwa iko juu. Aliyefanyiwa upasuaji aletewe kikombe kitandani.

Nawa. Chua titi taratibu kuelekea kwenye chuchu. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani kwanza, kisha bana, achia. Usivute chuchu. Zungusha vidole pande zote. Siku mbili za mwanzo utapata matone ya njano mazito, labda hayajazi hata kifuniko cha chupa. Hayo matone ndiyo chanjo yake ya kwanza. Tumbo lake nalo halihitaji zaidi: wengi huanza na mililita chache kwa mlo.

Maziwa yaliyokamuliwa yasikae zaidi ya saa nne nje ya friji, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili mimi ningesema yatumike mapema kuliko hapo. Yakitoka kwenye friji, yapashe kwa kukalisha kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasichemshwe.

Onyo: usichukue maziwa ya mama wa kitanda cha jirani kwa makubaliano yenu wenyewe, hata kama ni rafiki. Virusi hupita humo. Nairobi, Hospitali ya Pumwani ina benki ya maziwa ya mama tangu 2019, na huko maziwa hupimwa na kutibiwa kwa joto kabla mtoto mwingine hajapewa. Ukikamua wodini kwenye bakuli la plastiki hakuna kipimo chochote.

3. Mweke kifuani

Mwaka 1978 hospitali moja ya Bogotá, Colombia, ilikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto, na Daktari Edgar Rey akaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao. Kwa miaka mingi tuliichukulia huduma ya kangaruu kama njia ya maskini, ya kumsubirisha mtoto hadi apone ndipo afungwe. Kisha ukaja utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili: watoto wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kabla hawajatulia, walikufa wachache kwa takriban robo kuliko waliosubirishwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ianze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa hiyo ukiambiwa "mbebe", usidhani umekosa mashine. Hiyo ndiyo tiba.

Namna ya kufunga:

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Wewe fungua nguo ya mbele, usivae sidiria. Msimamishe katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi. Miguu iwe imekunjwa na kupanuliwa kama ya chura, mikono juu kidogo. Geuza kichwa upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo, kama anayenusa kitu. Kidevu kikigusa kifua chake, njia ya hewa inakunjika, na hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Pitisha kitenge kuanzia mgongoni kwake, ukingo wa juu ufike chini ya sikio, funga kwa nguvu kiasi kwamba ukisimama hatelezi, lakini tumboni kulegee apumue. Kisha vaa gauni lako juu.

Lala naye hivyo hivyo, mgongo wako ukiwa umeinuliwa kwa mito, usilale chali kabisa. Ukienda kuoga, baba achukue zamu. Kifua cha baba hupasha joto vizuri tu, na manyoya hayana shida. Bibi naye anaweza. Kikohozi au vipele vya kifuani ndivyo vinavyomwondoa mtu kwenye zamu, uzee haumwondoi.

4. Toka kwenye mpira kwenda kikombe, kutoka kikombe kwenda titi

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja ni ujuzi unaokomaa karibu na wiki ya 34 ya mimba. Kabla ya hapo mtoto huweza kulamba na kuonja, na ni vizuri umweke kwenye titi lililokamuliwa azoee, lakini usitegemee ashibe.

Kwa kikombe: mkalishe wima mapajani, umefunga mikono yake kwa kanga ili asimwage. Kikombe kiguse mdomo wa chini, uinamishe hadi maziwa yafike kwenye ukingo, kisha ngoja. Atatoa ulimi na kulamba kama paka. Yeye ndiye anavuta. Ukimmiminia, yatakwenda mapafuni. Akipumzika, na wewe pumzika, bila kuondoa kikombe. Mlo mmoja usizidi dakika 30. Akichoka kabla, kiasi kilichobaki muuguzi atakipitisha kwenye mpira, na hilo si kufeli.

Daktari atakuandikia kiasi. Kwa mfano, mtoto wa kilo 1.8 anayepewa mililita 150 hadi 180 kwa kilo, kwa milo minane, hunywa kama mililita 34 hadi 40 kila mlo. Piga hesabu mwenyewe uzito unapopanda, maana kiasi cha wiki iliyopita hakimtoshi wiki hii, na kwenye wodi yenye watoto wengi linaweza kupita bila mtu kuliona.

5. Jifunze kuhesabu pumzi na kusoma rangi

Fanya hivi kabla hujaruhusiwa, muuguzi akiwa pembeni. Mfungue tumbo akiwa ametulia. Tazama tumbo likipanda, hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, njiti hapumui sawasawa: huvuta haraka haraka, akanyamaza sekunde tano hadi kumi, akaanza tena. Hiyo ni kawaida. Kunyamaza sekunde 20, au pungufu ya hapo lakini akabadilika rangi au akalegea, si kawaida.

Rangi usiitazame usoni. Kwa ngozi zetu utadanganyika. Tazama ulimi na fizi, viwe vya waridi.

Joto nalo lisome kwa mkono kabla ya kipimajoto: gusa unyayo na tumbo. Vyote vya moto kiasi, yuko sawa. Unyayo baridi, tumbo la moto, ameanza kupoa, mweke kifuani sasa hivi. Vyote baridi, ni dharura.

Mwombe muuguzi akufundishe kumwamsha aliyesahau kupumua (kusugua mgongo na nyayo) na kumpulizia hewa kama haamki. Ufundishwe kwa mdoli, kwa vitendo. Baba naye afundishwe.

6. Andaa chumba

Chagua chumba kisichopitiwa na kila mtu. Mtoto asipokuwa kifuani alale chali, kwenye godoro gumu, bila mto, ndani ya chandarua.

Hapa niseme kwa ukali. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kumpasha mtoto joto. Kila msimu wa baridi, Mbeya, Njombe, Arusha, hata Lushoto, kuna familia inayofanya hivi kwa nia njema. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua mtoto pamoja na mama aliyelala. Joto la njiti ni kifua chako, kofia na blanketi. Basi. Sigara na udi navyo vikae nje ya nyumba, na ubani wa kufukiza mzazi usubiri.

7. Zungumza na nyumbani kabla hujafika

Mama mkwe ana mazoea yake, na mengi ni mazuri: uji, kukukanda, kukuacha ulale. Mengine yanaua njiti. Mwalike wodini siku moja, amwone mtoto akilishwa, asikie maelezo kutoka kwa muuguzi badala ya kusikia kwako. Nimeona bibi aliyekuja na dawa ya kitovu kwenye pochi akaondoka akiwa ndiye mlinzi wa mlango, anafukuza wageni kuliko hata mama mwenyewe.

Mambo ya kukubaliana naye, mkiwa mmekaa:

Maziwa ya mama tu. Maji, asali, maji ya sukari na dawa ya kutuliza tumbo havina nafasi. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe mate, mafuta, majivu wala kinyesi cha mnyama. Mtoto hakatwi kilimi. Hang'olewi "meno ya plastiki": vile vinundu vyeupe kwenye ufizi ni meno yake yanayokua, na kuyachokonoa huleta damu na maambukizi ambayo njiti hana nguvu ya kuyashinda. Hongera za majirani zipokelewe sebuleni. Anayetaka kumbusu mtoto asubiri. Kama nyumbani kuna desturi ya arobaini, itumie: mwambie kila mtu kwamba njiti arobaini yake huanza siku aliyofika nyumbani.

8. Karatasi, fedha na kazi

Usisubiri siku ya mwisho kuuliza bili. Matibabu ya watoto chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali yamo kwenye sera ya msamaha, lakini dawa au vipimo vya nje vinaweza kukufuata. Ukiona utashindwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema. Maombi ya dakika ya mwisho ndiyo huwaweka watu wodini wakati mtoto kashapona.

Kwenye fomu ya ruhusa hakikisha yameandikwa: wiki za mimba alipozaliwa, uzito wa kuzaliwa na wa kutoka, ugonjwa, siku za oksijeni, dawa na vipimo vyake, tarehe ya kurudi. Zile wiki za mimba zina kazi nyingine pia. Mwajiriwa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa pacha, na marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yalimwongezea muda mama aliyejifungua njiti. Afisa utumishi atahitaji karatasi ili akupigie hesabu. Chukua na tangazo la kizazi kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa.

9. Lala naye usiku wa majaribio, kisha ondokeni

Omba angalau usiku mmoja, mbili ikiwezekana, ambapo unamhudumia mwenyewe kila kitu na muuguzi anatazama tu. Ukiamka mara zote za mlo, ukampa dawa, ukamkuta asubuhi hajashuka uzito, mko tayari. Ukishindwa, umegundua ukiwa hatua chache kutoka kwenye oksijeni.

Siku ya kuondoka usimwogeshe. Mfunge kangaruu, vaa koti au khanga juu, chukua bajaji au teksi, asubuhi jua likiwa limetoka. Bodaboda hapana, daladala ya saa kumi na moja jioni hapana. Kama mnakwenda mkoani, pangeni mlo njiani, na chagua gari linalosimama. Kabla hujatoka getini uwe na namba ya simu ya wodi.

10. Wiki za kwanza nyumbani

Rudi kliniki ndani ya siku mbili au tatu kwa uzito, kisha kila wiki hadi afike kilo 2.5. Endelea na kangaruu hadi atakapoanza kujinyonganyonga na kutoa mikono, anakwambia amechoka. Mwamshe ale kila baada ya saa tatu, hata usiku. Njiti mwenye njaa halii, hulala.

Dawa: matone ya vitamini na ya chuma yatolewe kwa sindano ya kupimia, kiasi alichoandika daktari. Chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto, usikadirie kwa kijiko. Aliyetoka na dawa ya degedege asiikatishe kwa sababu "amekaa sawa". Mama mwenye VVU aendelee na dawa zake na za mtoto bila kuruka hata siku moja.

Chanjo hufuata siku aliyozaliwa, hazisubiri akue. BCG (ya kifua kikuu) pekee ndiyo wengine hucheleweshewa kidogo, fuata kadi. Maendeleo ndiyo huhesabiwa kwa umri uliorekebishwa: aliyezaliwa wiki ya 30 aliwahi wiki 10, kwa hiyo akiwa na wiki 17 mtarajie afanye ya mtoto wa wiki saba. Usimlinganishe na wa jirani waliozaliwa mwezi mmoja.

Macho usiyasahau. Waliozaliwa chini ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5, na wengine waliokaa sana kwenye oksijeni, wapimwe takriban wiki ya nne baada ya kuzaliwa, hata kama bado wamelazwa. Mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya na kumpofusha wakati jicho kwa nje ni zuri kabisa. Tatizo hilo linatibika likiwahiwa. Kama fomu haina tarehe ya macho, uliza.

Na wewe mama una kliniki yako. Wengi wenu mlijifungua mapema kwa sababu ya presha au kifafa cha mimba, na presha hiyo haiishi siku mtoto anapotoka. Kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu, nenda hospitali, usiseme "nina mtoto mdogo".

Likitokea hili, fanya hivi

Maziwa yamepungua. Rudi kwenye kangaruu masaa mengi na kamua mara nyingi zaidi, muda mfupi mfupi. Kunywa, kula, omba mtu akusaidie kazi. Siku mbili tatu hurudi. Yasiporudi, nenda kliniki kabla hujafungua kopo.

Alikuwa karibu kutoka, amerudishwa kwenye oksijeni. Hutokea sana. Uliza ni nini kinachotafutwa: maambukizi, upungufu wa damu, au maziwa kuingia mapafuni. Siku zile za kusubiri zitaanza kuhesabiwa upya. Hasira yako ni halali, ila usiombe kutoka kwa kusaini kwa hiari yako. Wanaotoka hivyo tunawapokea tena, na safari hii wakiwa wamechoka zaidi.

Uzito haupandi. Angalia kwa mpangilio huu: je, anamaliza kiasi alichoandikiwa, kiasi kilipandishwa lini mara ya mwisho, anashinda kifuani au kitandani akitumia nguvu kujipasha joto. Ukikamua, mpe na yale maziwa ya mwisho, yana mafuta zaidi.

Kwikwi, chafya, kujinyoosha na kugeuka mwekundu. Mwache.

Pua inaziba. Matone mawili ya maji chumvi ya dawa kabla ya kunyonya. Usivute kwa mdomo, usimpake dawa za kuchua zenye harufu kali.

Unalia kila siku, humtamani mtoto, huwezi kulala hata akilala. Hilo lina tiba. Mwambie muuguzi wa kliniki, kwa maneno hayo hayo. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru, mkabidhi mtoto kwa mtu na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Amesahau kupumua. Sugua mgongo na nyayo, nyoosha kidevu kidogo. Akirudi, mpeleke hospitali hata kama sasa anaonekana mzima. Asiporudi, anza kumpulizia kama ulivyofundishwa huku mwenzako akitafuta usafiri.

Nenda hospitali bila kusubiri asubuhi akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika ukirudia kuhesabu, kifua kikibonyea chini ya mbavu, joto likipita 37.5 au likigoma kufika 36.5 hata baada ya saa moja kifuani, akipata degedege, viganja na nyayo vikiwa vya njano, kitovu kikitoa usaha, au akiwa amelegea hashituki. Mfunge kangaruu njiani. Ukifika, usikae kwenye foleni ya wagonjwa wa nje: nenda dirishani na fomu ya ruhusa mkononi, sema "huyu ni njiti, alilazwa chumba cha joto", kisha taja dalili moja iliyokuleta.